Kuku Weupe wa Uani kwa Mama

Swali aliloniuliza shefe wa bairo, mkuu wa mtaa wetu, mbele ya watu lilikuwa fupi, na jibu lake nilikuwa nalo, lakini nilitamani aulizwe mtu mwingine.

"Siku mliyokimbia," alisema, "mama yako alikuwa na kuku weupe?"

Tulikuwa tumekaa barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa kwenye mkeka, mkono wangu wa kulia, kapulana, kanga yake ya kichwani, ameishusha mpaka kwenye nyusi kama afanyavyo akiwa hataki kuangaliwa machoni. Mbele yetu alikaa jirani yetu, mwanamke wa rika langu, ambaye nyumba yake imepakana na yetu kwa ua wa makuti. Nyuma yake walisimama watu wa mtaa, wengine niliosoma nao, wengine waliokula harusini kwangu.

"Hapana," nilisema. "Hakuwa nao. Alikuwa na wekundu na weusi."

Jirani yetu akashusha pumzi. Watu wakanong'ona. Mama hakunigeukia. Alivuta vidole vya mguu wake kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayesubiri mazungumzo ya wenzake yaishe ili aende zake.

Mama hakukimbia siku ile vita ilipoingia Palma, mji wetu huku kaskazini mwa Msumbiji. Nyonga yake ilikuwa imemharibikia tangu zamani, na njia ya kuokoka ilikuwa kupita porini au kuogelea kwenye mikoko mpaka upate chombo. Aliniambia niwachukue wanangu niende, na nikaenda. Nilikaa Pemba, ile ya Msumbiji, kwa shangazi zaidi ya miaka miwili, na kwa muda mrefu katika huo sikujua kama yu hai. Niliporudi nilimkuta uani, amekonda hata pete imehamia kidole gumba, amezungukwa na kuku. Wekundu, weusi, wa madoa ya kanga, na katikati yao mitetea watatu weupe kama unga wa muhogo.

"Hawa weupe umewapata wapi, mama?"

"Wamezaliwa hapahapa."

Nilikuwa na mengi ya kumshukuru Mungu siku ile, sikuuliza tena. Nikapata kazi ya jikoni Afungi, ndani ya ua wa kampuni ya gesi, nikawa nashinda huko wiki kadhaa na kurudi nyumbani wiki moja. Ilikuwa katika moja ya wiki hizo za mapumziko ndipo jirani yetu naye aliporudi kutoka alikokuwa. Alirudi peke yake. Mumewe hakuonekana tangu siku ya kwanza ya vita, na hapakuwa na mtu aliyemletea habari yoyote, nzuri wala mbaya. Kabla hajafungua hata mlango wa nyumba yake, alisimama kwenye ua akachungulia kwetu, akawaona wale weupe watatu.

"Hao ni kuku wa mume wangu," alisema.

Kweli mumewe alikuwa na kuku weupe. Mtaa mzima ulijua. Aliwaleta kutoka Mtwara, ndani ya tenga alilolifunika kwa shati lake mwenyewe ili wasipigwe na jua, na akawajengea banda la mbao lenye mlango wa kitasa. Hakuna mwingine karibu yetu aliyekuwa na kuku wa rangi hiyo.

Mtu wa mbali anaweza kusema, kuku watatu, si uwarudishe tu yaishe. Lakini wakati ule watu walikuwa wakirudi na kukuta milango yao imetiwa kwenye nyumba za wengine, vitanda vyao vimelaliwa na wengine. Kila aliyebaki alitazamwa kwa jicho la pembeni. Aliyebaki akasalimika aliulizwa: kwa nini wewe? Ulikula nini? Nani alikuachia? Likishatoka la wizi, la pili, kwamba ulikuwa upande wa waliotuvamia, lilikuwa karibu kufuata, na la pili halikuwa la shefe wa bairo. Lilikuwa la wanajeshi.

Shefe alisema atatoa uamuzi wake baada ya Ijumaa, na kwamba mpaka hapo asiuzwe wala kuchinjwa kuku hata mmoja. Tulirudi nyumbani mama ametangulia na fimbo yake. Pale mlangoni ndipo alipozungumza.

"Umesema kweli," aliniambia. "Ungesema uongo ningekukatalia palepale. Lakini usinisemeshe kwa sasa."

Hakunisemesha siku ile, wala iliyofuata. Nilimpikia, akala. Nilimchotea maji, akaoga.

Asubuhi moja katika hiyo wiki alipita mwanamke mmoja, tekniko, yaani mtaalamu, wa mifugo, aliyeletwa na serikali kutoka mkoa wa Zambezia. Alikuwa akichanja kuku kwa ajili ya kideri, tone moja kwenye jicho, nyumba hadi nyumba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akikwama anaingiza Kireno, nami nikawa mkalimani. Nilimshikia kuku mmoja mmoja. Alipofikia weupe alisita, akamfunua mmoja manyoya ya bawa, akamtazama macho, akamgeuza tumbo.

"Wazuri," alisema. "Wa nani?"

Sijui kwa nini swali lile lilinitoa machozi. Nilimweleza yote nikiwa bado nimemshika kuku. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na jiko, anachambua choroko, na nilijua anasikia.

Yule tekniko hakunipoza. Aliuliza maswali yake polepole kama anayeuliza habari za mgonjwa. Wakati nyote mmeondoka, humu ndani walibaki majogoo wangapi?

Mama alijibu mwenyewe, bila kuinua kichwa. "Mmoja. Mwekundu. Wengine waliliwa na kila aliyepita."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nani alijua? Majogoo wa mtaa mzima walikuwa wakiingia humu."

Tekniko akakaa chini kwenye mchanga, akaniambia nimfasirie vizuri. Kila kifaranga, alisema, hurithi rangi mara mbili, mara moja kwa baba na mara moja kwa mama. Kuna weupe wenye haya. Huo ukirithiwa upande mmoja tu, unajificha nyuma ya rangi nyingine. Kuku unamwona mwekundu, au mweusi, na weupe anao ndani hautoki. Anaweza kuupitisha kwa wanawe na wajukuu bila mtu kujua. Lakini siku baba aliyeuficha akikutana na mama aliyeuficha, baadhi ya vifaranga watarithi weupe pande zote mbili, na hao watatoka weupe.

"Watu walipokuwapo, damu ilikuwa ikichanganyika na ya mbali," alisema. "Mlipoondoka, alibaki jogoo mmoja na binti zake, na binti za binti zake. Aliyeficha akakutana na aliyeficha."

Mama aliacha kuchambua. "Nilisema wamezaliwa hapahapa," alisema.

"Inawezekana, mama," tekniko akamjibu. "Sikusema ni kweli. Nimesema inawezekana."

Neno hilo lilimuudhi mama, nililiona usoni kwake. Mimi lilinipa nguvu. Nilimwomba tekniko tuongozane kwa jirani.

Jirani alitupokea kwenye kizingiti, hakutukaribisha ndani. Alisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani. Nilipofika kwenye weupe unaojificha alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi na sufuria zangu zilizopotea nazo zilijificha," alisema.

Tekniko aliniuliza amesema nini, sikumfasiria. Akamwuliza swali moja. "Wale kuku weupe wa mume wako, wakipandwa na jogoo wa nje, mweusi wa mtaani tuseme, walikuwa wakitotoa vifaranga wa rangi gani?"

"Weupe," jirani alijibu bila kufikiri. "Hata wapandwe na nani, wanatoka weupe. Wakikua pengine utaona vidoa vyeusi viwili vitatu mgongoni. Mume wangu alikuwa akijisifu kwa hilo."

Tekniko aliinamisha kichwa kidogo. Kumbe kuna weupe wa namna ya pili, usio na haya hata kidogo. Huo ukirithiwa upande mmoja tu unatosha kuifunika rangi yoyote. Kuku wengi weupe wa mayai, wa kutoka mjini, wanao huo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, mweupe ni mweupe. Lakini mpe mweupe mwenye haya jogoo mweusi ambaye kwao hakuna weupe uliojificha, vifaranga watatoka weusi wote. Mpe jogoo huyohuyo mweupe wa namna ya pili, watatoka weupe.

 Jirani alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi.

"Kwa hiyo wakitoka weupe," alisema, "ni wangu."

"Ni wako."

"Na mayai nitayatia alama mwenyewe kila siku, kwa mkono wangu. Sitaki mtu mwingine ayaguse."

Shefe alikubali, nadhani kwa kuwa alifurahi kutoamua. Aliyekuwa mgumu ni mama. Alisema neno lake lilikuwa likitosha bairo zima tangu kabla shefe hajazaliwa, na sasa anapimwa na kuku. Nilimbembeleza siku nzima. Mwishoni alisema, "Fanyeni," na ile namna aliyosema haikunipendeza. Nilitarajia afurahi. Mtu asiye na la kuogopa, nilijisemea, hufurahi akipata njia ya kujisafisha. Wazo hilo lilinijia nikalifukuza, likarudi.

Jogoo tulimpata kwa familia ya wavuvi kutoka Quiterajo, waliokuwa wamehamia mwisho wa bairo letu kwa sababu ya vita hiyohiyo. Alikuwa mweusi tititi, mpaka kucha, na wenyewe walisema tangu kwa babu yao hawajaona kifaranga mweupe. Tuliugawa ua kwa matete sehemu tatu, kila mtetea mweupe na sehemu yake, jogoo akawa anazungushwa. Tekniko alisema mayai ya mwanzo hayafai kwa ushahidi, maana mbegu ya jogoo wa zamani hukaa ndani ya kuku hata wiki mbili zikipita. Hayo yaliliwa. Jirani hakula hata moja, ingawa mama alimtengea.

Baada ya hapo alikuja kila asubuhi. Aliingia kwa mlango wa uani, akasema "Hodi" na "Shikamoo" kwa sauti ileile, akachutama kwenye kila kiota na penseli. Yai la mtetea wa kwanza alilichora mstari mmoja, la wa pili mistari miwili, la wa tatu mitatu. Mama alikuwa akimwangalia toka kwenye kibao chake. Mara nyingi aliitikia "Marahaba" na hakuna kilichoongezwa. Siku nyingine niliona mdomo wa mama ukifunguka kama anayetaka kusema kitu, halafu akakohoa tu.

Mayai yalipotosha tuliyaatamisha kwa kuku wengine watatu waliokuwa tayari kuatamia. Nikaomba nibadilishiwe zamu kazini ili niwepo.

Kuatamia kulikuwa kumefika katikati pale mlipuko ulipolia upande wa Afungi. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Ukalia mwingine, halafu kukawa kimya, na kutoka kwenye kile kimya nikasikia mlango ukibamizwa, na mwingine, na watoto wakiitwa. Mtu aliyepata kukimbia mara moja hangoji kuambiwa. Nilijikuta tayari nimebeba mfuko wa nyaraka na chupa ya maji, na wanangu wameshikana mikono mlangoni, hawalii. Watu walipita njiani wakiteremkia pwani, wengine peku.

"Mama, inuka," nilisema. "Safari hii nitakubeba."

"Hunibebi."

"Mama."

"Wachukue watoto. Mie nilibaki ile mara."

Nilikuwa nimemshika kwapani namvuta, naye amejikita chini kwa uzito wake wote, pale jirani yetu alipoingia uani akikimbia na furushi kichwani. Nilidhani amekuja kunisaidia. Alitazama viota vitatu, akamtazama mama, akatazama njiani. Akatua furushi.

"Nenda na watoto," aliniambia. "Mimi nitakaa naye."

"Una wazimu?"

"Nimechoka kukimbia. Nenda."

Akakaa mchangani, kando ya kibao cha mama. Hawakushikana mikono wala hawakutazamana. Mama alimsogezea kata ya maji.

Nilifika nusu ya njia ya pwani nikasimama, sikuweza kwenda mbele wala kurudi, watoto wananitazama usoni. Nakumbuka jasho la mkono wa mwanangu mdogo ndani ya wangu, na mtu mmoja aliyekuwa akinipita huku akirudia jina la mke wake. Halafu wakaanza kuja watu wa upande wa pili, wanatembea, wanapunga mikono. Ilikuwa kazi ya wanajeshi wenyewe, walilipua vitu vyao vya zamani, hawakumtaarifu mtu. Wengine walicheka kwa sauti kubwa mno. Mimi niliketi kwenye gogo nikawanywesha watoto maji ya chupani.

Nilipowarudisha watoto nyumbani, wale wawili walikuwa wamekaa vilevile. Jirani aliinuka, akajitwisha furushi, akasema "Kesho," akaondoka.

Vifaranga walianza kutoboa usiku wa kuamkia Jumamosi. Shefe alikuja, na watu wa mtaa wakaja bila kuitwa, wakasimama kuzunguka ua. Tekniko alifika na pikipiki yake. Kuku walioatamia walikuwa wakali, ikabidi ninyanyue kila mmoja nikiwa nimejifunga kitambaa mikononi, na jirani achukue maganda aone mistari.

Kiota cha kwanza. Mstari mmoja. Vifaranga walikuwa wameshakauka, migongo myeusi kama mkaa, matumbo tu ndiyo yenye malaika ya weupe-weupe. Tekniko alisema vifaranga weusi ndivyo walivyo, tumbo hilo litajaa weusi wakikua. Hapakuwa na mwingine. Wote weusi.

Kiota cha pili, mistari miwili. Wote weusi.

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Bibi amesema kweli."  Nikamtazama mama, nikitarajia kumwona ameinua kichwa. Alikuwa amefumba macho.

Nilimwinua kuku wa kiota cha tatu. Chini yake walikuwapo vifaranga wa manjano, rangi ya wale watakaokua kuwa weupe. Wote manjano, laini, mmoja wao ana doa jeusi kichwani dogo kama punje ya mtama. Jirani aliokota ganda, akalizungusha kwenye mwanga, akanionyesha, halafu akamwonyesha shefe. Mistari mitatu, ya mkono wake.

 Tekniko alinyanyua kifaranga mmoja akamtazama kwa muda, akamrudisha.

"Hawa wawili wa kwanza ni wa hapa," aliniambia kwa Kireno. "Huyu wa tatu siye."

Nilifasiri, sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine. Ule mnong'ono nilioufahamu ukaanza tena nyuma yangu, na safari hii ulikuwa na upande wa kwenda. Shefe alikohoa akamgeukia mama. "Bibi, una la kusema?"

"Ninalo," mama alisema. "Lakini si kwenu. Nyie nendeni majumbani. Huyu mwanangu abaki."

Nilidhani anasema mimi. Alikuwa ameelekeza fimbo kwa jirani.

Shefe alisitasita, halafu akawaondoa watu, tekniko naye akaaga. Tukabaki watatu. Jirani alikuwa bado ameshika lile ganda.

"Huyo kuku ni wako," mama alimwambia. "Nilijua siku zote kwamba mmoja ni wako. Alikuja kunywa maji hapa, mji hauna mtu. Kuku aliyekuja kunywa maji nimwambie arudi kwa nani? Nikakaa naye, na mayai yake niliyala kwa njaa ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisimama pale uani ukasema wote watatu ni wako. Ningesema mmoja ni wako, nani angeniamini kwa wale wawili? Hao wawili wakaja wakakua, wakafanana naye, macho yangu haya nayo hayaoni, hata nisingeweza kukuonyesha yupi." Aliiweka fimbo chini. "Lakini si kwa hilo tu."

 Nafikiri jirani alikuwa ameshajua linakuja, kwa sababu alikaa chini.

"Nilimwona mume wako," mama alisema. "Siku ya kwanza. Nyie mlikuwa mmeshatangulia pwani. Alirudi mbio kutoka njiani, akaingia kwenu. Nilimwambia kupitia kwenye makuti, baba, umerudia nini? Akasema, nimewafungia kuku, watakufa na kiu. Nikasikia kitasa. Nikawaona kuku wanatoka. Kisha nikasikia bunduki, karibu, nikalala chini. Yeye hakutoka."

Upepo ulikuwa ukizungusha manyoya mepesi mchangani. Niliyaangalia kwa sababu sikuweza kumwangalia jirani.

"Walibaki wazee wawili upande wa msikiti," mama aliendelea. "Walikuja siku ya pili, wakamwosha kwa maji kidogo tuliyokuwa nayo. Shuka ilikuwa yangu. Wakamsalia. Amelala nyuma ya nyumba yenu, penye minazi mitatu, ameelekezwa kibla. Wale wazee wote wawili wameshakufa. Nimebaki mimi tu ninayejua."

"Nimelima pale," jirani alisema. "Nimepanda muhogo pale."

"Najua. Nimekuona ukilima."

"Ukanyamaza."

"Ulikuja na hasira ya kuku, mwanangu. Nikaona nikikwambia wakati ule utasema, bibi kizee ananitajia maiti ya mume wangu apate kula kuku wake. Nikasema nitangoja hasira ipungue. Halafu ukawa unakuja hapa kila siku na penseli, na kila siku nikaona si leo."

 Jirani hakulia mbele yetu. Aliuliza maswali, na maswali yenyewe yalinishangaza kwa udogo wake. Alikuwa amevaa shati lipi? Alisema maneno gani hasa, hayohayo, si mengine? Mama alirudia: nimewafungia kuku, watakufa na kiu. Alimfanya ayarudie tena. Kisha akaomba aonyeshwe mahali, na mama akashika fimbo yake, nikawafuata mpaka kwenye minazi. Mama alichora kwa ncha ya fimbo, kichwa hapa, miguu hapa. Muhogo ulikuwa umeota umbali wa hatua chache tu. Jirani aliung'oa wote kwa mikono, mche kwa mche, na mimi nikamsaidia.

Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa siku iliyofuata kuuliza hukumu yake ni ipi, mwanamke aliyekaa miaka bila kujua kama ana mume. Aliambiwa akae eda kuanzia siku aliyopata habari ya uhakika. Akakaa. Miezi ile minne na siku kumi mama ndiye aliyekuwa akienda kwake, si yeye kuja kwetu, na kwa mwendo wake safari ya kuzunguka ua ilimchukua muda. Baadaye nilitoa makuti mawili nikafungua njia katikati.

Kuhusu wale kuku, mama alimpelekea mtetea mweupe na vifaranga wake asubuhi ileile ya kwanza ya eda. Jirani aliwapokea akawaweka ndani ya nyumba, kwenye kona, kwa kuwa banda la mumewe lilikuwa limeoza. Shefe alikuja kutaka kusema jambo barazani mbele ya watu, mama akamkatalia. Alisema wanaotaka kujua wataona wenyewe nani anaingia kwa nani.

Wengine waliona. Wengine hawakutaka kuona, na wapo mpaka leo wanaoongea juu ya bibi aliyebaki. Nimezoea kuyasikia pale penye bomba la maji, na sijui kama yataisha akiwa hai.

Mimi na mama ilitubidi tuanze tena kuzungumza, na hatukujua tuanzie wapi. Jioni moja kabla sijarudi kazini nilikuwa nakoboa mpunga, yeye anawatupia pumba wale vifaranga weusi, ambao sasa walikuwa wameota mikia.

"Hawa weusi," alisema, "yule dona wa chanjo anasema wana weupe ndani?"

"Wote. Wamerithi kwa mama yao, umejificha."

"Na jogoo wao?"

"Hana."

Alifikiri. "Basi nikiwaacha peke yao ndugu kwa ndugu, weupe utarudi."

"Baadhi yao."

"Sitawaacha," alisema. "Mwambie yule mvuvi wa Quiterajo aniuzie jogoo mwingine. Wa rangi yoyote. Nataka humu mwangu wachanganyike na wa watu."

Nilimwambia nitamwambia. Akamwaga pumba zilizobaki mkononi, akajifuta kwenye kapulana, akaniuliza kama huko Afungi wananipa chakula cha kushiba.